Ng'ombe Hawali Wastani

Nimeambiwa mmepewa simu. Hongereni, wallahi, hongereni kabisa! Sisi tulipewa karatasi, kalamu moja kwa mwezi, na ubao wa kuandikia ambao upepo wa kwetu Fafi uliupenda kuliko tulivyoupenda sisi. Nimekimbiza fomu zangu vichakani mara nyingi kuliko nilivyowakimbiza watoto wangu. Nyinyi mnabonyeza tu, malisho mazuri, malisho ya wastani, malisho mabaya, na habari imefika Garissa kabla hamjafunga mlango wa gari. Juzi binti wa kaka yangu, aliyeajiriwa mwezi uliopita katika kazi ileile niliyoifanya mpaka nikastaafu, alinionyesha jinsi anavyojaza. Akabonyeza "wastani". Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, akaniambia, "Eeddo, nikuletee maji?" Eeddo ndilo neno letu la shangazi, na shangazi huyu hakuhitaji maji. Alihitaji mtu wa kumsimulia.

Basi nimekaa kuwaandikia nyinyi nyote mnaoanza. Naitwa Sahra, lakini ukifika Bura ukiuliza Sahra watakuuliza yupi. Uliza Sahra Qalin. Kwetu jina la utani halina aibu. Mrefu ni Dheere, mfupi ni Gaab, na mimi niliyechomeka kalamu chini ya mtandio juu ya sikio kila siku ya Mungu nikawa Qalin, yaani kalamu. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka vijijini kila wiki kutazama na kuuliza: nyasi zikoje, maji yako wapi, ng'ombe wanatoa maziwa kiasi gani. Majibu nilipeleka ofisi ya ukame Garissa, nao wakaamua lori la maji liende wapi na nyasi kavu zishushwe wapi. Kwa hiyo nikikosea mimi, lori lilikwenda kwa walioshiba. Kumbukeni hilo kila mnapobonyeza.

Na nilikosea, jamani! Nilianza kukosea wiki ya kwanza, sikungoja hata mshahara.

Nilipanda gari la ofisi kutoka Garissa hadi Bura, nimekaa mbele karibu na dirisha, najiona waziri. Njia nzima kijani. Kulia kijani, kushoto kijani. Nikachomoa kalamu nikaandika, "Malisho mazuri sana," na chini ya "sana" nikapiga mstari. Mkubwa wangu, mtu wa Kitui, mpole, aliisoma fomu ile akavua miwani. Akaniuliza, "Sahra, ile kijani uliyoiona ni nini?" Nikamwambia ni miti. "Miti gani?" Ilikuwa mathenge, kilometa kwa kilometa ya mathenge, ule mti wa miiba usiojali jua, unaobaki kijani hata nyasi zikiisha duniani, na ambao mbuzi wakizoea maganda yake meno yanaoza. Nilikuwa nimeisifu njaa kwa mstari chini yake.

Hakunifukuza. Alinipeleka kwa Guurey.

Guurey alikuwa mzee wa Bura ambaye ofisi ilimwajiri kwa vibarua vya kuonyesha njia. Jina lenyewe maana yake mtu wa mkono wa kushoto. Kiukoo ni adeer yangu, binamu wa baba, kwa hiyo alikuwa na haki ya kunisema bila kuomba ruhusa, na aliitumia haki hiyo vizuri. Maisha yake yote alikuwa mtu wa sahan. Sahan ni ile safari ya kutangulia: kabla watu hawajahamisha mifugo, wanamtuma mtu wanayemwamini akatazame mbele kuna nini, naye anarudi kutoa habari. Guurey alijua Kisomali cha kumlaza ngamia, lakini mimi alinisemesha Kiswahili cha sokoni, eti mtu wa ofisi husemeshwa lugha ya ofisi.

"Shuka kwa gari," aliniambia siku ya kwanza. "Sasa chuchumaa."

Nikachuchumaa. "Wewe sasa ni mbuzi. Naona nini wewe?" Nikamwambia naona vichaka, majani ya chini. "Sawa. Lala kidogo, weka uso karibu na chini. Wewe sasa ni ng'ombe. Ng'ombe hana meno ya juu mbele, iko na ulimi. Nyasi kama haifiki ulimi, hiyo si nyasi, hiyo ni rangi." Nikaweka uso chini, mimi na buibui langu na vyeti vyangu vyote, nikaona mchanga na vijiti. "Sasa simama, panda juu ya gari. Wewe ni ngamia." Nikapanda. Toba! Kutoka juu ya gari palepale nilipoona mchanga palikuwa na karamu: matawi mapya, majani laini, kila kitu kinang'aa. Mbuzi mmoja halisi alikuja akasimama akinitazama, na akina mama waliokuwa wakipita na punda wa maji walicheka mpaka mmoja akaketi njiani. Jina la Qalin lilikaribia kubadilika siku ile. Nashukuru Mungu halikubadilika, kwa sababu lililopendekezwa siliandiki hapa.

Tangu hapo sikumwuliza mtu "malisho yakoje" kabla sijamwuliza ana mifugo gani. Mwenye ngamia na mwenye ng'ombe wakisimama mahali pamoja wakati mmoja, mmoja atakwambia pepo, mwingine atakwambia jehanamu, na hakuna aliyesema uongo. Mwuzaji maji ukimwuliza hali ya maji wakati wa kiangazi atakwambia ni nzuri sana, na uso wake utang'aa kabisa, masikini, kwa sababu kwake ni nzuri kweli.

Lakini nisikilizeni vizuri hapa, maana vijana mnapenda kuondoka na nusu. Nawasikia siku hizi mkisema kila mtu ana ukweli wake. Hapana! Kila mtu ana mahali pake pa kusimama. Silanga, lile bwawa la kukingia maji ya mvua, likiwa kavu ni kavu kwa mwenye ngamia, kavu kwa mwenye ng'ombe, kavu kwa mbunge. Guurey angewacheka nyinyi mpaka fimbo imwanguke.

Sasa niwaambie habari ya Ebla, ndiyo iliyonifanya nicheke mpaka machozi kwa lile neno la wastani.

Ukame ule ulikuwa mbaya. Ebla alikuwa mjane, rafiki yangu, anakaa nje kidogo ya Bura na binti yake mkubwa. Mbuzi wake walikwisha ukame uliotangulia. Alibaki na ng'ombe tisa, na ng'ombe tisa hao ndio waliokuwa chakula, ada ya shule, mahari, heshima, kila kitu. Walikuwa wamekonda mpaka ungeweza kutundika nguo juu ya mifupa yao. Mtu asiyefuga haelewi jambo hili: ng'ombe aliyefika hali ile amebakiwa na safari moja tu mwilini. Ukimpeleka penye nyasi, anapona. Ukimpeleka pasipo na nyasi, hana nguvu ya kurudi. Na ukikaa ukisubiri mno, hata ile safari moja inamwisha akiwa amesimama bomani. Ilimbidi Ebla achague siku ya kuondoka, na siku hiyo ilikuwa moja tu.

Kijiji kilituma watu wawili wa sahan upande wa kusini, kuelekea Kotile. Bishar alikwenda kwa niaba ya wenye ng'ombe, Farah kwa niaba ya wenye ngamia. Hawa walikuwa mashemeji, wameoa ndugu, na walipendana kwa namna ya mashemeji, yaani kila mmoja alishangaa yule mwingine alipataje mke.

Bishar alirudi kwanza. Akasema, "Vumbi. Wallahi vumbi tupu, hata nyasi ya kusafisha meno hakuna."

Siku nne baadaye akarudi Farah. Kuna utaratibu wetu wa kupokea habari za sahan. Mtu akifika anapewa chai au maziwa, anaachwa apumue, kisha anasema kwa mpangilio wake, kwanza amani, halafu mvua, halafu malisho, halafu maji, na hakuna mtu anayemkata kauli mpaka amalize. Hata mzee mwenye kikohozi anajizuia. Tulikusanyika, wanaume upande huu, wanawake upande ule, mimi nimeshika ubao wangu na kalamu tayari. Guurey hakuwapo, alikuwa Garissa kutazamwa macho. Farah akanywa chai. Akasema, "Amani iko. Mvua imenyesha. Miti imechipua yote, kijani mpaka macho inauma..."

Pakapigwa kigelegele! Kimoja, kisha viwili, kisha vigelegele vya kijiji kizima. Miezi hatukuwa tumesikia neno mvua likifuatana na neno imenyesha. Wanawake wakarusha mitandio, mzee mmoja akaanza kucheza kwa mguu mmoja kwa sababu wa pili ulikuwa na ganzi, mbuzi wakakimbia, sufuria ya chai ikapinduliwa. Niliona mdomo wa Farah ukiendelea kusogea. Hakuna aliyesikia kitu. Baada ya hapo alinyanyuka akaenda kulala, maana alikuwa ametembea siku tatu.

Furaha ilidumu mpaka Bishar alipofungua mdomo. "Huyo mwongo," alisema. "Nimetoka huko mimi!" Farah akaamshwa usingizini ili aitwe mwongo vizuri. Akajibu kwamba Bishar amezeeka macho. Bishar akasema afadhali macho kuliko akili. Wakaapa, mmoja kwa jina la Mungu, mwingine kwa jina la Mungu huyohuyo, na wake zao, ambao ni ndugu, wakaacha kusemeshana kupitia ukuta wa makuti.

Na mimi, mtu wa ofisi, niliyesomeshwa na serikali, niliyelazwa uso chini na Guurey, nikafanya nini? Nilipiga simu Garissa. Nikasema nina ripoti mbili, moja nzuri sana na moja mbaya sana. Mkubwa wangu akawaza kidogo akasema, "Basi andika wastani." Nikaona ni hekima. Bishar asione nimempuuza, Farah asione nimempuuza. Nikaandika wastani kwa mwandiko wangu bora.

Jioni ile Ebla alikuja kwangu. Yeye pia alipenda kunisemesha Kiswahili nikiwa na ubao mkononi. Nikiuweka chini tulirudi Kisomali.

"Abaayo, dada yangu, fomu yako nasema nini? Mimi niende ama nikae?"

Nikamwambia ofisi imeandika wastani.

"Wastani ni nini?"

"Si nzuri sana, si mbaya sana. Katikati."

"Ng'ombe yangu itakula hiyo katikati?"

Nilicheka. Jamani, nilicheka! Nilidhani ni utani. Hakuwa anatania, alikuwa anauliza. Akajijibu mwenyewe: miti imechipua, Farah ameona, wote tumemsikia. Alfajiri yeye na binti yake wakawatoa ng'ombe tisa wakashika njia ya kusini.

Guurey alirudi siku ya pili, macho yake yametiwa dawa, anaona ukungu. Nikamsimulia yote kwa furaha, vigelegele, mzee wa ganzi, mashemeji, na jinsi nilivyosuluhisha kwa neno moja. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Farah alimaliza vipi?" akauliza.

"Kumaliza nini?"

"Habari. Mwisho ya habari yake ilikuwa nini?"

Nilijua mwanzo wa habari ya Farah neno kwa neno. Mwisho sikuujua. Hakuna aliyeujua.

Tukaenda kwa Farah. Alikuwa amekasirika siku mbili mfululizo na hakuna aliyegundua. "Mlinikata," alisema. "Mtu wa sahan hashindani na wanawake kwa sauti. Nilisema yote. Kama hamkusikia ni shida yenu."

Guurey akaketi, akaomba chai, akasubiri mpaka Farah akanywa. Kisha akamwomba aanze upya. Na Farah akaanza: amani, mvua, miti, halafu tukasikia yale ambayo vigelegele vilikuwa vimeyafunika. "Lakini chini bado. Nyasi ndiyo kwanza inachungulia, haijafika kidole. Mwenye ngamia aende leo. Mwenye ng'ombe angoje siku saba. Na silanga ya katikati ya njia, watu wanasema iko na maji."

"Wanasema," Guurey akadaka. "Uliona ama uliambiwa?"

"Niliambiwa. Mimi nilipita upande ingine."

"Mvua ilinyesha siku gani?"

Ilinyesha siku moja baada ya Bishar kugeuka kurudi nyumbani. Mnaona? Bishar aliona vumbi kwa sababu palikuwa na vumbi. Farah aliona kijani kwa sababu palikuwa na kijani, juu. Wote wawili waliapa na wote wawili waliapa sawasawa. Na pamoja na viapo vyote hivyo Ebla alikuwa njiani na ng'ombe tisa, siku saba mapema, kuelekea silanga ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyeliona.

Ofisi ilikuwa imenipa pikipiki mwaka ule, na mimi nilikuwa naiendesha, ndiyo, mimi, na siku niliyoipokea Bura yote ilitoka kuangalia nitaanguka wapi. Guurey hakuwahi kuipanda. Alipanda siku ile. Hakukubali kunishika mimi, alishika kerieri nyuma kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia alishika fimbo yake akaiweka mbele yake kwa upana, kwa hiyo kila tulipopita kati ya vichaka viwili fimbo iligonga vyote viwili na sisi tukasimama kama tumefungiwa mlango. "Adeer, iache fimbo!" "Fimbo ni yangu, bikibiki ni ya serikali, acha bikibiki!" Nilikuwa nalia kwa hofu ya ng'ombe wa Ebla na wakati huohuo nacheka, na nzi wakaniingia kinywani kwa sababu hizo zote mbili.

Tulilifikia silanga kwanza, kwa njia ya gari, kwa sababu Ebla alikuwa akitembea kwa mwendo wa ng'ombe dhaifu. Lilikuwa kavu. Udongo umepasuka vipande vikubwa, unaweza kuinua kimoja kama sahani. Ile mvua ilikuwa imelikosa kwa mwendo wa nusu siku tu. Nilisimama katikati yake, nikatazama pande zote, nikatamani sana kuwa na mtazamo mwingine. Ungesimama popote, lilikuwa kavu.

Guurey, pamoja na ukungu wake machoni, alinielekeza turudi kwa njia ya mifugo, na saa ya alasiri tukawakuta. Ebla alikuwa ameketi, kichwa cha ng'ombe mmoja kiko mapajani mwake. Aliitwa Cadey, mweupe, ndiye aliyekuwa akitoa maziwa ya nyumba. Binti alikuwa amewazuia wale wanane wasitangulie. Ebla hakuuliza tumefuata nini. Aliuliza, "Silanga iko na maji?"

Nikamwambia hakuna.

Hakupiga kelele. Alifunga macho, akayafungua, akamwambia Guurey, "Haya, adeer. Sema na mimi sasa. Sema yote."

Guurey alisema yote, kwa mpangilio, na safari hii hata ng'ombe walinyamaza. Alijua laga moja karibu, mto wa mchanga, ambapo ukichimba kimo cha mtu unapata maji. Kando yake kuna migunga mikubwa, na migunga wakati ule huwa na maganda juu. Ng'ombe anayala. Wakae hapo siku sita, wasisogee hata hatua, kisha waende, na wakifika nyasi itakuwa imefikia ulimi.

Cadey hakusimama. Guurey alimchinja kwa haki kabla hajafa, na nyama, iliyokuwa zaidi ya kamba kuliko nyama, tuligawana na wasafiri wawili wa ngamia waliotusaidia kuchimba. Nililala kwenye mchanga siku mbili nikichimba na kuokota maganda, na Guurey akisimama chini ya migunga akiyaangusha kwa ile fimbo niliyotaka aitupe. Kila ganda lililoanguka alisema, "Hiyo si wastani." Ganda lingine, "Na hiyo si wastani." Binti ya Ebla alianza kucheka, kisha Ebla mwenyewe akacheka, huku machozi bado hayajakauka, nami nikajua kwamba watapona.

Walipona. Wanane walifika, nyasi ikawapokea, na mvua za kweli zilipokuja mmoja akazaa ndama jike. Nilikwenda kuandika. Bishar, aliyekuwepo, akasema andika wanane, mmoja amekufa. Farah akasema andika tisa, huoni ndama? Ebla akasema andika kumi, kwa sababu Cadey alikuwa wake na hajamtoa moyoni. Niliandika: walioondoka tisa, aliyekufa mmoja, waliofika wanane, aliyezaliwa mmoja. Garissa wakapiga simu kulalamika kwamba nafasi ni ya namba moja na mimi nimejaza mpaka pembeni. Nikawaambia waongeze karatasi. Na nyinyi simu yenu ikikataa, kuna mahali chini pameandikwa maelezo. Najua hamjawahi kupagusa. Paguseni! Andikeni nani ameona, ameona lini, kwa ajili ya mnyama gani, kwa macho au kwa masikio, na kama mlimwacha amalize. Na hizo picha mnazoletewa kutoka angani msizidharau, nazipenda sana, lakini bado zinayaita mathenge malisho. Satelaiti, masikini, haijawahi kuchuchumaa.

Kuna jambo moja sikuliandika kwenye fomu yoyote. Guurey alipouliza kijijini nani alimkata Farah, watu walisema, "Wanawake." Jibu hilo lilinifaa, nikakaa nyuma yake miaka yote. Lakini kigelegele cha kwanza kilikuwa changu. Mimi, niliyeajiriwa kusikiliza. Nilisikia mvua, kalamu ikanidondoka, na sauti ikanitoka yenyewe. Guurey alifariki bila kujua, au pengine alijua akaniachia.

Baada ya kustaafu, asubuhi moja, nilikwenda kwa Ebla. Siku hizi anauza maziwa sokoni Bura, ana madumu manne na kiti cha wateja. Nikamwambia. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa alichofanya, maana aliweka kikombe chini akaniambia, kwa Kiswahili kana kwamba bado nimeshika ubao, kwamba mimi ni mwongo.

"Ya kwanza ilikuwa yangu," akasema. "Wewe ulifuata."

"Ebla, kalamu ilinianguka!"

"Nilikuwa kando yako. Nilisikia mvua, nikaona Cadey ameshiba. Sikutaka kusikia ingine. Nilipiga kwa nguvu ndio Farah anyamaze hapo hapo."

Tukabishana mpaka soko likasimama. Wauza maziwa wa kushoto wakawa upande wangu, wa kulia upande wake, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwepo siku ile. Tukampigia Farah simu, tukaiweka kwa sauti kubwa. Farah akasema hajui. Alikuwa hatazami watu, alisema, alikuwa anatazama chini ndani ya kikombe, anatafuta namna ya kuwaambia wenye ng'ombe neno "lakini".

Ebla akazima simu, akanishika mkono wenye wino.

"Sikia," akasema. "Kama ni wewe ulianza, Cadey iko juu yako. Kama ni mimi, iko juu yangu. Basi iwe mimi. Mimi nimezoea. Andika hivyo, tumalize."

Alisema kwa upendo, nami nilitaka kuandika, Mungu anajua. Kalamu ilikuwa pale pale sikioni. Nikamwambia siwezi, kwa sababu sijui kama ni kweli. Akacheka mpaka akajifuta macho kwa mtandio, akaita mteja aliyefuata, na kikombe changu akakijaza tena.